Mlima Ushukao Ziwani: Mmomonyoko katika Ukingo wa Ziwa Tanganyika

Mtu asafiriye kwa mashua kutoka Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuelekea mpaka wa Burundi, huwa na milima upande wake wa kulia safari nzima. Milima hiyo haina theluji kama Kilimanjaro, wala haikutokana na volkano. Ni ukingo wa Bonde la Ufa, uliosimama kama ukuta kati ya nyanda za juu za Buha na maji ya Ziwa Tanganyika. Mahali pengine ukuta huo umevikwa msitu na miti ya miombo tangu kileleni hadi ufukweni. Mahali pengine umebaki na majani mafupi, mashamba ya mihogo yaning'iniayo mteremkoni, na makovu mekundu ambamo ardhi imechanika. Na msimu wa mvua ukifika, baina ya Novemba na Aprili, mabonde ya sehemu hizo zilizo wazi hutema maji ya rangi ya matofali ndani ya ziwa ambalo kwa kawaida huwa angavu kama kioo.

Rangi hiyo ni ya mlima wenyewe, ambao unashuka ziwani. Jambo hili si jipya, kwani limekuwa likitendeka kwa mamilioni ya miaka, na bila ya hilo mabonde ya Gombe yasingekuwapo. Lililo jipya ni kasi yake. Makala haya yanaeleza jinsi maji yanavyouchonga mlima huo, kwa nini kasi ya kuuchonga imeongezeka, na kwa nini hasara ya mkulima wa mteremkoni huwa pia hasara ya mvuvi aliye chini yake.

Mlima uliozaliwa kwa kupasuka kwa nchi

Ziwa Tanganyika limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Wataalamu wa miamba hukadiria kwamba bonde la ziwa hili lilianza kufanyika miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Gamba la dunia lilivutwa pande mbili, likapasuka. Vipande vya kati vikadidimia, na kingo zikainuka. Maji yakajaa katika ufa huo. Leo ziwa lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kikubwa ni meta 1,470. Miongoni mwa maziwa yote duniani ni Baikal peke yake, lililoko Urusi, linalolizidi kwa kina. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sakafu yake, mahali penye kina kirefu kabisa, iko karibu meta 700 chini ya usawa huo.

Ukingo wa mashariki, upande wa Tanzania, nao ni wa ajabu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mtu aanzaye kupanda kutoka ufukweni hufika kwenye mgongo wa mlima, karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, baada ya mwendo wa kiasi cha kilometa 3 tu akipimwa kwa mstari ulionyooka. Maana yake ni kwamba kwa kila meta 4 za kwenda mbele hupanda karibu meta 1. Na hiyo ni wastani tu, kwani kuta za mabonde ni za wima zaidi. Kusini zaidi, katika Milima ya Mahale, kilele cha Nkungwe kimefika meta 2,462.

Tangu siku ukingo huo ulipoanza kuinuka, maji yalianza kuushusha. Mawe magumu ya kwatzi yalisimama imara yakawa migongo na majabali. Mawe laini na yale yaliyopasuka yalichimbwa yakawa mabonde. Ushahidi wa kazi hiyo umelala chini ya ziwa. Vipimo vilivyofanywa kwa kutumia mwangwi vimeonyesha kwamba chini ya sakafu ya ziwa mna matabaka ya mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama, yenye unene wa zaidi ya kilometa 4 mahali pengine. Huo ndio mlima wa kale, uliosagwa na kupangwa chini ya maji tabaka juu ya tabaka.

Kwa hiyo mmomonyoko si ugonjwa wa mlima, bali ni sehemu ya maisha yake. Ugonjwa huanza pale udongo unapoondoka upesi kuliko unavyozaliwa.

Kazi ya tone la mvua

Udongo huzaliwa polepole mno. Jua, maji, mizizi na viumbe wadogo huuvunja mwamba chembe kwa chembe, na sentimeta moja ya udongo yaweza kuhitaji miaka mia moja au zaidi ili ifanyike. Kuondoka kwake, kinyume cha hayo, huweza kuwa kazi ya jioni moja.

Mwanzo wa kuondoka huko ni tone la mvua. Tone kubwa, lenye kipenyo cha milimeta 5, hufika ardhini kwa mwendo wa kiasi cha meta 9 kwa sekunde. Likiangukia jani, au takataka za majani makavu, nguvu yake huishia hapo, na maji hudondoka taratibu hadi chini yakanywewa. Likiangukia udongo ulio uchi, hupiga kama nyundo. Chembe hurushwa huku na huku, na kwa kuwa ardhi imeinama, zirukazo kuelekea chini huenda mbali zaidi ya zile zirukazo kuelekea juu. Kadhalika vumbi laini huziba matundu ya udongo, na maji ambayo yangezama hulazimika kutiririka juu ya uso wa nchi.

Hapo hatua ya pili huanza. Kwanza maji husambaa kama shuka nyembamba, yakichukua udongo wa juu kwa usawa hata mkulima asitambue. Huona tu kwamba mawe yameongezeka shambani na mavuno yamepungua. Kisha maji hukusanyika katika vifereji vidogo ambavyo jembe laweza kuvifukia. Mwishowe vifereji huungana vikawa makorongo, nayo hayafukiki tena kwa jembe.

Kuungana huko kuna hatari kubwa kwa sababu ya kanuni moja ya maji yaendayo. Mwendo wa mto ukizidishwa mara 2, uzito wa jiwe kubwa kabisa ambalo mto huo waweza kuliviringisha huongezeka mara 64. Ndiyo sababu kijito ambacho mchana mtoto alikivuka bila ya kulowa magoti, usiku chaweza kushusha majabali.

Aidha, hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa hasara ambayo macho hayaioni. Hekta moja ina meta za mraba 10,000. Ikiwa mvua za msimu mmoja zitaondoa milimeta 1 tu ya udongo, yaani unene wa sarafu nyembamba, hekta hiyo itapoteza meta za ujazo 10. Udongo mkavu wa ujazo huo huwa na uzito wa kiasi cha tani 13. Shehena ya karibu malori mawili ya tani 7. Na milimeta hiyo ni ya juu kabisa, yenye mboji na rutuba ambayo mihogo na maharage huitegemea.

Mabonde mawili jirani

Je, kuna hakika gani kwamba kuondolewa kwa miti ndiko kunakoongeza kasi, wala si mvua peke yake? Huenda miaka ya mvua nyingi ingeleta tope jingi hata kama msitu ungekuwapo. Swali hili ni la haki, na pwani ya Kigoma ni mahali pazuri pa kulijibu, kwa sababu jaribio lenyewe limekwisha kufanyika pasipo mtu kulikusudia.

Gombe ilifanywa pori la akiba mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Tangu Julai 1960, Jane Goodall alipoanza huko uchunguzi wake wa sokwe, mahali hapo pamejulikana duniani kote. Lakini kwa mwanafunzi wa jiografia Gombe ina thamani nyingine: mabonde yake yalibaki na misitu wakati mabonde ya jirani yalipofyekwa. Kaskazini ya mpaka wa hifadhi liko bonde la kijiji cha Mwamgongo. Mabonde ya pande hizo mbili yana ukingo mmoja, ziwa moja na mvua ile ile. Tofauti kubwa iliyopo ni vazi la ardhi.

Mwaka 1998 watafiti wa mambo ya maziwa walishusha mabomba katika sakafu ya ziwa, mbele ya midomo ya mito ya pande zote mbili, na mbele ya mito mingine katika pwani ya mashariki, wakatoa nguzo za tope zilizohifadhi matabaka yake. Ili kujua umri wa kila tabaka walitumia, pamoja na njia nyingine, risasi-210, elementi yenye unururifu ambayo hupungua hadi nusu yake kila baada ya miaka 22 hivi. Tabaka lenye kiasi kidogo cha risasi hiyo ni la zamani zaidi. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 2005.

Nguzo hizo zilieleza mambo mawili. La kwanza, mbele ya mabonde yaliyofyekwa mashapo yalirundikana kwa kasi iliyopita mipaka yote ya mabadiliko yanayoweza kusababishwa na hali ya hewa peke yake. Na kasi ya miaka 40 hivi ya mwisho haikuwa na mfano katika kumbukumbu nyingine za ziwa hilo za karne nyingi zilizotangulia. La pili, kasi hiyo iliruka ghafula mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo, mnamo 1961 na 1962, Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa isiyo ya kawaida. Mvua hiyo ilinyesha juu ya mabonde yote, yenye msitu na yasiyo na msitu. Lakini ni yale yaliyokwisha kuvuliwa vazi lake ndiyo yaliyomwaga udongo wake ziwani kwa wingi namna ile.

Hapa pana fundisho kubwa la sayansi. Mvua na ufyekaji si washtakiwa wawili ambao mmoja ni lazima aachiliwe. Ufyekaji huitayarisha ardhi. Mvua kubwa huja kuichukua. Kati ya matendo hayo mawili yaweza kupita miaka mingi, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Aliyefyeka bonde katika miaka ya mvua za wastani huweza kufa akiamini kwamba hakuna lililoharibika.

Wala si haki kudhani kwamba wakulima wa kingo hizi walikuwa wazembe. Ardhi tambarare kando ya ziwa ni ukanda mwembamba, na kwa miongo mingi watu wameongezeka kwa kuzaliana, kwa kuhamia vijijini, na kwa kuwapokea jirani waliokimbia vita Burundi na Kongo. Mtu asiye na shamba bondeni hupanda mlimani.

Tope linapofika ziwani

Wengi hudhani kwamba udongo ukishafika ziwani habari yake imekwisha. Ziwa ni kubwa na lina kina; tope litaonekana wapi? Lakini uhai mwingi wa Ziwa Tanganyika haukuenea katika kina hicho. Chini ya meta 100 hadi 200 maji hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi. Sehemu iliyo tajiri kabisa ni ukanda mwembamba wa mawe kando ya pwani, pale hasa tope linapoangukia.

Katika ukanda huo huishi samaki wengi wa jamii ya sikilidi, ndugu wa ngege na perege. Ziwa Tanganyika lina aina 200 na zaidi za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Baadhi yao hulisha kwa kukwangua mwani uotao juu ya mawe. Wengine huzaa na kujificha katika nyufa zilizo kati ya mawe. Tope likitanda, mwani hukosa mwanga na huchanganyika na mchanga usio na lishe. Nyufa huzibwa, na nyumba ya samaki hugeuka sakafu tupu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha pwani zilizo safi na pwani zilizoingiwa na tope katika kaskazini ya ziwa. Ulionyesha kwamba penye tope jingi aina za ostrakodi, yaani vijinyama wadogo kama punje ya mchanga walio wa kundi moja na kamba na kaa, zilikuwa chache zaidi. Na samaki wa maji ya kina kifupi walifuata mkondo huo huo.

Dagaa na migebuka, ambao Kigoma inasifika kwao, huishi zaidi katika maji ya wazi, na habari yao ina sababu nyingine pia, mojawapo ikiwa ni kuongezeka kwa joto la ziwa, jambo linalozuia maji ya chini yenye virutubisho kupanda juu. Kwa hiyo isisemwe kwamba kila wavu mtupu umesababishwa na tope. Hata hivyo ziwa lililokwisha kudhoofishwa na joto halihitaji kuongezewa mzigo mwingine.

Mzigo huo, ukishaingia, hautoki. Maji mengi ya Ziwa Tanganyika huondoka kwa kuvukizwa na jua, na mvuke hauchukui tope. Njia moja tu ya maji kutoka ni Mto Lukuga, upande wa Kongo.

Ujiji na mlango wa Lukuga

Mto huo wa Lukuga una uhusiano wa karibu na historia ya Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, maji ya ziwa yalikuwa karibu na mji. Leo mgeni anayezuru ukumbusho wa mkutano huo, palipokuwa na mwembe maarufu, hana budi kutembea mwendo mzuri ndipo aone maji. Wanafunzi huambiwa mara nyingine kwamba tope ndilo lililolisukuma ziwa nyuma. Jibu hilo lina kweli, lakini si kweli yote.

Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mashapo na majani. Ziwa, likiwa halina pa kutokea, lilipanda hata karibu mwaka 1878 likafika kiasi cha meta 10 juu ya usawa wake wa baadaye. Ndipo maji yalipolibomoa lile ziwio, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka. Ujiji, mji wa pwani iliyo tambarare, ukaachwa nchi kavu. Na kusini yake Mto Luiche ukaendelea kuijenga delta yake kwa udongo wa nyanda za juu. Hivyo pwani hiyo ilichorwa na mikono miwili: usawa wa maji na mashapo. Hata mkono wa kwanza ulitawaliwa na wa pili, kwa kuwa kilichoziba mlango wa Lukuga kilikuwa ni tope.

Maji hayajatulia tangu hapo. Baada ya mvua za 1961 na 1962 ziwa lilipanda na kufika juu mwaka 1964. Mnamo 2020 na 2021 lilipanda tena, likafunika nyumba na sehemu za bandari katika pwani za Tanzania, Burundi na Kongo. Mpaka wa ziwa na nchi kavu si mstari uliochorwa mara moja, na mwenye kujenga ufukweni yampasa kulikumbuka hilo.

Kinachoweza kufanyika

Kanuni zilizoelezwa juu zinaonyesha dawa yenyewe. Ikiwa tone ndilo nyundo, ardhi ifunikwe. Ikiwa mwendo wa maji ndio unaobeba mawe, mwendo huo uvunjwe kabla maji hayajaungana. Mkulima wa mteremkoni hulima kwa kukata mlima, si kwa kuufuata kutoka juu kwenda chini; huchimba makinga maji yaliyo sawa na kontua; hupanda mabingobingo juu ya kingo zake, ambayo hushika udongo na kulisha mifugo; na huacha miti kando ya vijito. Michikichi, zao la asili la Kigoma, hufaa sehemu za chini za mabonde, lakini chini ya kivuli chake pasiachwe uchi.

Sehemu zilizo wima mno haziponi kwa tuta wala kwa mfereji. Hizo zinahitaji kupumzishwa. Ni bahati kwamba miti mingi ya miombo haifi ikikatwa: visiki vyake huchipua tena vikiachwa bila moto na bila shoka. Katika mwaka 1994 ulianzishwa Kigoma mpango ujulikanao kwa jina la TACARE, wa Taasisi ya Jane Goodall. Ulianza na vitalu vya miche. Lakini haikuchukua muda kutambulika kwamba mtu hapandi mti wa miaka ishirini akiwa na njaa ya leo. Kwa hiyo kilimo bora, maji, afya, mikopo midogo na elimu ya wasichana viliongezwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliviwezesha vijiji kupanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao wenyewe, na vijiji kadhaa vya ukingo huu vimefanya hivyo. Mlima haulindwi na mgeni. Hulindwa na yule ambaye shamba lake liko juu yake.

Jaribio kwa shule

Shule yoyote yenye mteremko karibu yaweza kuupima mmomonyoko wake. Wanafunzi na wachague mahali pawili penye mwinamo ulio sawa, pamoja pakiwa na majani na pengine pakiwa wazi. Kila mahali wapigilie vijiti 10 vya chuma au vya mti mgumu, wakiacha sentimeta 10 juu ya ardhi, na kuweka alama. Kila mwisho wa mwezi wa mvua wapime urefu uliobaki juu. Kijiti kilichorefuka kinaonyesha udongo ulioondoka. Kilichofupika kinaonyesha udongo uliotuama. Wastani wa vijiti 10, ukibadilishwa kuwa milimeta, huzidishwa kwa tani 13 ili kupata hasara ya hekta.

Pili, baada ya mvua kubwa, wateke maji ya vijito viwili katika chupa zilizo sawa na kuziacha zitulie. Mchanga utazama mara moja. Udongo wa mfinyanzi utakawia: chembe yenye kipenyo cha elfu mbili za milimeta huhitaji karibu siku 3 kushuka meta 1 katika maji yaliyotulia. Hapo mwanafunzi atafahamu kwa nini maji mekundu huonekana mbali na mdomo wa mto siku nyingi baada ya mvua kukatika.

Vipimo hivyo, vikiandikwa katika daftari moja na kukabidhiwa na kila kidato kwa kile kinachofuata, vitakuwa hazina baada ya miaka kumi. Kila milimeta itakayosomwa kwenye kijiti itakuwa ni sehemu ya mlima iliyokwisha kuondoka, na iliyochukua muda mrefu kuliko maisha ya msomaji wake ili kufanyika.